Franga ya uzee nayo ni mushahara

Kumwambia muchimbaji wa Likasi ao wa Kolwezi asikilize matata ya mapiloti wa ndege haiko kazi nyepesi. Atakujibu palepale: "Bale beko na franga mingi. Banalala mu hoteli, banavaa shati nyeupe. Siye tuko tunakula mavumbi. Banalia nini?" Jibu hili tunalielewa. Kati ya mushahara wa piloti na ule wa mutu anayeshuka katika mugodi, kuko mulima. Lakini leo tunaomba wasomaji wetu, ba papa na ba mama, waache kwanza kutazama shati na hoteli, watazame kitu chenyewe ambacho wale mapiloti walikuwa wanadai. Juu kile kitu, sisi watu wa Katanga tunakijua pengine kuliko wao.

Maneno ni ya Kenya Airways, ile sosiete ya ndege ambayo inatoka Nairobi na kufika mpaka Kinshasa na hapa kwetu Lubumbashi, ku Luano. Siku ya posho, tarehe 5 Novemba 2022, tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, mapiloti wake waliweka kazi chini. Maelfu ya wasafiri walibakia na mizigo yao, wengine mu Nairobi, wengine mu miji ya mbali. Sosiete ilisema ya kama kila siku ya mugomo ilikuwa inaipotezea karibu milioni 2,5 za dola.

Sasa, walikuwa wanaomba nini? Hapa njo watu wengi wanakosea. Mwanzo wa matata haikukuwa kuongezewa mushahara. Sendika yao ilidai mambo mawili. La kwanza: mishahara ambayo ilisimamishwa wakati wa ugonjwa wa Covid-19 ilipwe. La pili: sosiete ianze tena kutia sehemu yake katika mufuko wa akiba ya uzee, ile sehemu ambayo iliacha kutia wakati wa ule ugonjwa. Kwa maneno mafupi: walikuwa wanaomba vitu ambavyo vilikuwa vimekwisha kuandikwa na kutiwa sinyatire.

Tusimame kidogo kwenye ule mufuko wa akiba, juu njo roho ya maneno yote. Mufanyakazi anaacha kila mwezi sehemu ya mushahara wake. Patron naye anatia sehemu yake. Franga inalala pale mpaka siku mutu anaacha kazi. Wengine wanafikiri sehemu ya patron ni zawadi. Haiko zawadi. Ni mushahara ambao mutu amekwisha kuutumikia kwa mikono yake, lakini amekubali kuungojea. Piloti mwenye miaka 35 anakubali kupokea leo kidogo juu apate kitu siku macho yatachoka na munganga atamukataza kurusha ndege. Muchimbaji naye anakubali vilevile, juu anajua mugongo na mapafu havidumu.

Na njo maana hii franga ya kungojea ni nyepesi sana kuchukuliwa. Ukikata mushahara wa mwezi, siku ileile bukari inapunguka ku meza, mama anauliza, watoto wanafukuzwa ku masomo, na kesho yake kazi yote iko moto. Lakini ukiacha kutia franga ya uzee, hakuna sufuria inayolia. Nyumba inakula kama jana. Karatasi ya mushahara inabakia ileile, ao inabadilika katika mustari mumoja ambao hakuna anayeusoma. Miaka miwili, mitatu inapita. Siku mutu anakwenda kuuliza akiba yake, njo anakuta tundu. Kila patron mwenye shida anajua njia hiyo. Ni kukopa kwa mufanyakazi bila kumuomba, bila faida, bila tarehe ya kurudisha.

Haki inaomba tusikilize pia sauti ya sosiete. Kenya Airways haikukuwa inadanganya wakati ilisema iko na shida. Tangu miaka mingi ilikuwa inabeba madeni mazito, hasa ya kununua ndege kubwa mupya. Mwaka 2017 mabenki yaliyoikopesha yaligeuza sehemu ya madeni kuwa hisa. Leo serkali ya Kenya iko na 48,9 %, mabenki 38,1 %, na Air France-KLM 7,8 %. Kisha Covid ikakuja. Kenya ilifunga njia ya ndege za wasafiri wa inje mwezi wa Marsi 2020, ikazifungua tena tu tarehe 1 Ogusti. Ndege ambayo hairushwi inaendelea kula franga. Mwaka wa ule mugomo wenyewe, 2022, sosiete ilifunga hesabu na hasara ya shilingi bilioni 38 na kitu. Wakubwa wake walisema: tunaanza paka sasa kuinuka, munataka kutuangusha tena?

Ni swali la kweli. Lakini kuko swali lingine nyuma yake: nani alitia sinyatire ku yale madeni? Haikukuwa mapiloti, haikukuwa mafundi wa ndege, haikukuwa wale wanaobeba mizigo. Wakati wa kuchagua ndege gani ya kununua na kwa bei gani, hakuna mutu aliwaita. Wakati wa kulipa, waliitwa wa kwanza. Mufanyakazi anaweza kukubali kufunga mukaba pamoja na sosiete yake. Wa Kenya Airways walikubali mwaka 2020, juu kila mutu aliona ndege zimelala. Lakini mukaba unaofungwa wakati wa mvua unapashwa kufunguliwa wakati jua linarudi, na tarehe ya kuufungua inapashwa kuandikwa. Pale njo waliumia: shida ilikuwa ya muda, kukata kukadumu.

Mugomo wenyewe uliendaje? Mbele ya siku ya posho, tribinali ya kazi mu Nairobi ilikuwa imekwisha kuusimamisha. Mapiloti walipita juu ya ile amri. Sosiete nayo, siku ya tatu ya mugomo, ilitangaza kama inaondoka katika mapatano yake na sendika, maana yake haiitambui tena kuwa musemaji wa mapiloti. Kila mumoja alikuwa amekwisha kubeba jiwe lake. Tarehe 8 Novemba, zuzi aliamuru mapiloti warudi ku kazi kesho yake saa kumi na mbili ya asubuhi bila kutia masharti; na sosiete nayo alikatazwa kuwaazibu ao kuwasumbua juu ya ule mugomo. Mapiloti walitii. Siku ine, na kila kitu kikarudi mu mikono ya tribinali.

Sisi tunasemaje? Tunasema mapiloti walikuwa na haki katika madai yao. Franga iliyotumikiwa ni franga ya mutumishi. Tunasema pia sosiete ilikosa, na kukosa vibaya, kwa kutaka kuvunja sendika yenyewe. Munaweza kugombana na sendika leo, lakini kesho mutahitaji mutu wa kuzungumuza naye. Ukifunga mulango wa mazungumuzo, wafanyakazi hawaachi kuwa na hasira. Wanakosa tu mahali pa kuisemea.

Lakini tunasema vilevile kama mapiloti walikosea mara mbili, na hapa wadelege wetu wafungue masikio. Kosa la kwanza: waligoma wakati tribinali ilikuwa imesema hapana. Tangu saa ile, magazeti na serkali hawakuzungumuza tena akiba ya uzee. Walizungumuza amri iliyovunjwa. Haki yao ilijificha nyuma ya kosa lao. Kosa la pili: walitembea peke yao. Mapiloti walikuwa karibu 10 % ya wafanyakazi wote wa ile sosiete. Wale 90 % wengine nao walikuwa wamekatwa wakati wa Covid, lakini mugomo haukukuwa wao. Mutu wa mishahara mikubwa akigoma peke yake, ni mwepesi kumuonyesha kidole mbele ya watu: "Tazameni, hawa wameshiba na wanalia." Kama mapiloti wangeanza na mufagiaji wa uwanja, wakaandika madai ya wote ku karatasi moja, kile kidole kingepata wapi mahali pa kuonyesha?

Wengine watatuambia: hata vile, mapiloti wangenyamaza tu, wanalipwa vizuri. Kwa hao tunataka kukumbusha ajali moja ya Marekani. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ndogo ya sosiete Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na muji wa Buffalo. Watu 50 walikufa. Wachunguzi walisema piloti mukubwa alifanya kosa wakati ndege ilikuwa inapoteza nguvu. Lakini waliona pia kama mapiloti wote wawili walikuwa wamechoka. Mwanamuke aliyekuwa piloti wa pili alikuwa anakaa kwa wazazi wake, upande mwingine kabisa wa Marekani, na alikuwa amesafiri usiku kucha ndani ya ndege za wengine ili afike ku kazi. Mushahara wake mudogo ulizungumuzwa mbele ya watu wote. Shati nyeupe haikumusaidia kitu.

Na nani alibadilisha mambo? Famili za waliokufa. Walifuata wabunge mulango kwa mulango na picha za watu wao, mpaka sheria ikatoka mwaka 2010. Kisha ikakuja kanuni mupya ya kupumuzika: piloti anapashwa kupata saa 10 za kupumuzika mbele ya kazi. Kwa hivyo tusidanganyike: mushahara, saa za kazi na uzima wa watu ni kamba moja. Mutu anayeendesha camion kubwa ya mugodi usiku, saa kumi na mbili mufululizo, siku nyingi bila kupumuzika, iko sawa na yule piloti aliyechoka. Tofauti ni kwamba akikosea, redio ya dunia haisemi. Kode yetu ya Kazi, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaandika saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Zaidi ya pale ni saa za kuongeza, na zinalipwa bei yake. Ni wangapi kati yetu wanazihesabu?

Sasa turudi ku nyumba. Tulisema watu wa Katanga wanaijua hii hadisi kuliko mapiloti wa Nairobi. Wazee wetu wa Gécamines waliona mwaka 1986 sosiete ikitoa karibu tani 476 000 za shaba. Walikuwa na posho, na hospitali, na masomo ya watoto, na nyumba mu kambi, na pansio iliyoahidiwa. Kisha migodi ikaanguka, mashini zikachoka, na mishahara ikaanza kuchelewa: mwezi mumoja, miezi sita, miaka. Mufanyakazi aliendelea kuamka asubuhi na kwenda ku kazi, juu alikuwa anasema: "Franga yangu iko kule, siku moja watanipa." Mwaka 2003 na 2004 ikakuja ile operasio ya "départs volontaires", na franga ya Banki ya Dunia. Wafanyakazi 10 655 walitoka. Milioni 43 na kitu za dola ziligawanywa. Ukizipiga kwa hesabu, ni dola 4 000 na kidogo kwa mutu, kati-kati. Kwa mutu aliyetumika miaka 25 ao 30! Wengi walisema ile franga haikufika ku kile sheria na mapatano yao viliwapa haki, na mwaka 2009 malalamiko yao yalipelekwa mpaka Washington, kwa wakaguzi wa Banki ya Dunia wenyewe.

Hatuandiki haya juu ya kufungua kidonda. Tunaandika juu watoto wa wale wazee leo njo wanatumika mu masosiete mupya ya shaba na kobalti, na wengi wao hawajui kama hadisi inaweza kurudi. Inarudi kwa njia nyingine. Leo mutu mwengi hatumiki kwa sosiete kubwa yenyewe. Anatumika kwa sosiete ndogo ya sutretansi, kontra ya miezi sita, kisha ingine, kisha ingine. Anavaa kofia ya sosiete kubwa, lakini jina lake halimo mu kitabu chake. Siku ile sosiete ndogo inafunga mulango, anakwenda kuuliza franga ya uzee kwa nani?

Kwa hivyo, kwa kila mutu mwenye karatasi ya mushahara, tunaomba jambo moja leo jioni: aitoe, aisome mustari kwa mustari. Sheria inamupasha patron kukupa hesabu ya mushahara kwa maandiko. Kama haupati karatasi, anza kuomba pale. Tazama mustari wa CNSS. Juu ya pansio, wewe unakatwa 5 %, na patron naye anapashwa kuongeza 5 % yake. Lakini kukatwa ku karatasi haiko sawa na kufika ku CNSS. Franga inaweza kutoka mu mufuko wako bila kuingia mu ule mufuko mwingine. Kwenda ku ofisi ya CNSS na namba yako, kuuliza kama miezi yote iko imelipwa: ni nusu ya siku ya kazi. Yule aliyengoja mpaka miaka 60 juu ya kuuliza, amechelewa.

Kwa wadelege na wakubwa wa sendika, tunasema mambo matatu. Moja: wakati patron anaomba "tusaidiane, ni shida ya muda", musikatae kusikiliza, lakini musitie sinyatire ku karatasi isiyo na tarehe ya mwisho. "Mpaka hali itakuwa muzuri" haiko tarehe. Hali ya patron haikukuwa muzuri hata siku moja. Mbili: muombe kuona hesabu. Kama sosiete iko na shida kweli, haitaogopa kuzionyesha. Tatu: mufuate njia ya sheria mpaka mwisho wake, mupite mbele ya Inspeksio ya Kazi kwa kupatana, mupite kwa wapatanishi, mubebe karatasi zote, kisha, kama mulango umefungwa, njo mugomo. Ni njia ndefu, inachokesha, na wengine watawaambia kama mumekula franga ya patron. Lakini mugomo uliofuata njia unaweza kusimama siku kumi mbele ya zuzi. Ule ulioruka njia, tumeona, haukumaliza hata juma. Na musiwaache inje watu wa sutretansi. Mutu wa kontra ya miezi sita ni yule 90 % wenu. Mukimuacha, siku moja ataletwa kuchukua nafasi yenu, na hatakuwa na makosa.

Kwa mapatron nao tunasema neno. Kenya Airways ilifunga hesabu ya mwaka 2024 na faida ya shilingi bilioni 5,4, ya kwanza tangu zaidi ya miaka kumi. Ile faida ililetwa na ndege zilizoruka, na ndege zilirushwa na walewale waliorudi ku kazi kwa amri ya zuzi. Mutu anayejua kama uzee wake uko salama anatumika na roho nzima. Mutu anayejua kama franga yake imeliwa anatumika na mikono tu, roho yake iko inatafuta namna nyingine. Hesabu hiyo haiandikwi mu kitabu, lakini inalipwa.

Na kwa ba mama: mara nyingi ninyi njo munabakia na zile karatasi wakati bwana anaanguka. Mujane anafika ku gishe na watoto wawili, anaulizwa namba, anaulizwa karatasi za mushahara, na hana kitu, juu zilitupwa ao zilifungia sukari. Muzitunze kama munavyotunza karatasi ya parseli. Sanduku moja, mahali pakavu, kila mwezi karatasi moja. Ni kazi ndogo, na haiombi mugomo wala zuzi.

Piloti hawezi kurusha ndege na miaka 80, na muchimbaji hawezi kubeba nyundo na miaka 80. Wote wawili wanauza nguvu ambayo itaisha, na wote wawili wanaacha kila mwezi sehemu ya bei yake mu mikono ya mwengine. Yule anayeiweka anapashwa kuhesabu. Yule aliyeiacha anapashwa kuuliza, na kuuliza tena, wakati angali na nguvu ya kuuliza.